Fungu la Mfalme Asiyekula Samaki

Haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu haya mawili, nimechuchumaa ndani ya matete ya ziwani, mundu mkononi, nikikata matete ya kuezekea banda la kuku. Shule niliishia darasa la nne, hilo silifichi, lakini macho yangu hayakuishia huko. Yenyewe yaliendelea na masomo. Kwa hiyo mtu asiniulize nilijuaje. Nilikuwepo. Wanyama walikuwa wakisema, mimi nilikuwa nikisikia, basi.

Mwaka huo mvua ilitusahau. Ziwa lilirudi nyuma kidogo kidogo, kama mgeni anayeondoka bila kuaga, mpaka likabaki beseni la maji katikati, na kulizunguka beseni hilo tope jeusi, zito, la kummeza ng'ombe na pembe zake. Nyasi zikawa na rangi ya mkeka wa zamani. Swala wenye nguvu wakahama, wasio na nguvu wakaliwa, na walipokwisha wa kuliwa, walaji wakabaki wanatazamana.

Samaki walikuwepo. Hayo ndiyo yaliyokuwa mateso yenyewe. Walijazana ndani ya lile beseni mpaka maji yakawa yanachemka kwa mikia, na hapana mwenye miguu minne aliyeweza kuwafikia. Aliyewafikia ni mmoja tu, Furukombe.

Kama humjui Furukombe, ngoja nikuchoree. Mgongoni ni kahawia iliyokolea, tumboni mweupe kama shuka la mgeni. Kichwa cheupe, na mstari mweusi unaopita jichoni hadi kisogoni, utadhani alikuwa anajipaka wanja mtu akamsukuma kiwiko. Macho ya njano. Mabawa marefu, yamepinda katikati, hata akiwa mbali juu unamjua. Lakini ukitaka kujua kazi yake, tazama miguu. Nyayo zina vijimiba, zinakwaruza kama tupa ya fundi, na kidole chake cha nje anakigeuza nyuma apendapo, vikawa viwili mbele na viwili nyuma. Samaki akiingia hapo, utelezi wake wote haumsaidii.

Uvuaji wake niliuona mara mia. Anasimama hewani akipiga mabawa mahali pamoja, anapima, halafu anajitupa, miguu mbele, chubwi! anapotea mzima. Kimya. Mara anaibuka, anajikung'uta maji angali hewani kama mbwa aliyeogeshwa, anamgeuza samaki kichwa kitangulie mbele ili upepo usiwasumbue, wanakwenda zao. Ukiwaona kutoka chini utasema samaki ndiye anayeendesha.

Nyumba yake ilikuwa juu ya mti mkavu uliosimama katikati ya maji. Kila mwaka yeye na mkewe waliongeza vijiti juu ya vya mwaka uliopita, hata kiota kikawa kikubwa kiasi kwamba mimi ningelala humo na mguu nisingeutoa nje. Mlikuwa na matawi, mlikuwa na nyasi, mlikuwa na kipande cha wavu na ndala yangu ya mguu wa kushoto niliyokuwa nimeipoteza miaka miwili kabla. Na mle ndani, mkewe alikuwa ameatamia mayai matatu, ya rangi ya maziwa, yenye madoa mekundumekundu kama yaliyomwagikiwa chai ya rangi.

Desturi ya nyumba ile ilikuwa hivi. Mume akikamata samaki, anatua tawi la pembeni, anakula kichwa. Kinachobaki chote anampelekea mkewe. Mke hatoki. Mchana jua likiwaka anatandaza mabawa mayai yapate kivuli, maana jua la mwaka ule lilikaanga mawe. Wiki tano hivyo hivyo. Tena hata bila jua asingetoka, kwa sababu chini ya mti alikuwepo Kenge, mwogeleaji asiye na mbio za kushika samaki, amejilaza kwenye shina, ulimi unaingia na kutoka.

"Shikamoo, bibi," Kenge alikuwa akimwamkia kila asubuhi.

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Kivuli tu, bibi."

"Mti hauna hata jani moja. Kivuli cha nini?"

"Cha kwako wewe, bibi. Ukisogea kidogo kitanifikia."

"Basi subiri," mke anajibu, na hasogei.

Sasa, ng'ambo ya tope, juu ya kichuguu, alikaa Simba. Mbavu zake ungeweza kuzipiga kama marimba, lakini kichwa kilikuwa juu. Fisi alipomshauri kwamba labda hata samaki wangefaa, Simba aliunguruma wanyama wote wakasikia. "Samaki? Mimi? Samaki ni chakula cha wanaopiga magoti kwenye matope. Mimi Simba nitakula nyama, au nitakaa na njaa yangu kwa heshima!" Wote walisikia, nasema, isipokuwa Furukombe, ambaye wakati huo alikuwa chini ya maji.

Fisi yeye hakuwa na heshima ya kukaa nayo. Siku hiyo hiyo aliingia kwenye tope kuelekea majini. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, magotini. Ya tatu akazama hadi tumboni, akabaki amesimama pale anaitazama dunia. Sungura akapita.

"Mjomba, unapanda mpunga?"

"Nitoe kwanza, utani baadaye!"

"Nikutoe kwa nguvu zipi? Mimi mzimamzima sifikii uzito wa kichwa chako."

Fisi alijitoa mwenyewe, kwa kilio na kubiringika. Akaketi kando, akainua pua juu. "Unamwona yule ndege? Samaki wanne kwa siku, Sungura. Wanne! Na mimi natafuna mfupa wa mwaka juzi."

"Kosa lako ni kumfuata," Sungura akasema. "Mwenye samaki ana mabawa. Mwache aje mwenyewe."

"Aje kwangu? Kwa mapenzi gani?"

"Niachie mimi. Ila mimi samaki sili, nami nina tumbo. Kule korongoni kuna mizizi yenye maji, na ardhi ni ngumu kama sufuria. Wewe una kucha. Utanichimbia kila siku mpaka niseme nimeshiba."

"Hata mlima nitachimba!" Fisi akaitikia, mate yakimtoka, kabla hajajua anaitikia nini.

Kesho yake Furukombe alipotua kwenye kisiki kukausha mabawa, akamkuta Sungura anamngoja, kijiti kwapani kama karani wa mahakama.

"Bwana Furukombe, nimetumwa. Ule mti mnaoukalia ni wa nani?"

"Wa Mungu," Furukombe akasema.

"Vizuri. Na ziwa?"

"La Mungu pia."

"Na Mungu alimwachia nani kulitunza?"

Furukombe akageukia maji. Ni ndege mnyofu, akili yake yote imo kwenye maji.

"Simba," Sungura akajijibu. "Sasa Mfalme anauliza, kwa upole kabisa, huyu bwana anayevua kutwa mbona hajaleta hata mkia? Ndovu wamemwambia ule mti umekauka, ukisukumwa kidogo tu unakwenda. Mfalme akawaambia, hapana, ngojeni kwanza, yule ni mwungwana na mkewe ameatamia."

Furukombe akageuka, akautazama mti. Akatazama kiota juu yake.

"Fungu lake ni lipi?" akauliza polepole.

"Mkia tu. Unauweka juu ya jabali lile, nyuma ya mafunjo, unageukia ziwa, unasubiri mngurumo. Kumtazama Mfalme akila ni utovu wa adabu, hilo nadhani unalijua."

"Nalijua," Furukombe akasema, naye halijui.

Nyuma ya jabali alijificha Fisi, amejifunga matete makavu shingoni yakamsimama kama manyoya ya Simba. Matete hayo aliyachukua kwenye tita langu bila kuomba. Furukombe akaweka mkia, akageuka. Mngurumo ukasikika, ulioanza kama wa Simba na kuishia kama kicheko kilichobanwa. Furukombe akaruka zake, moyo umetulia.

Kama Fisi angetosheka na mikia, hata leo angekuwa anakula. Lakini Fisi ni Fisi. Siku ya tatu Sungura alitumwa kusema Mfalme amependa, aletewe nusu. Siku ya sita, Mfalme ana wageni, aletewe kiwiliwili chote, mvuvi abaki na kichwa, mkewe na mkia. Siku ya nane hata kichwa na mkia vikatakiwa. Sungura mwenyewe aliogopa.

"Mjomba, punguza. Yule anavua kwa ajili ya mkewe. Mke akikosa kabisa atauliza."

"Mke hatoki kiotani! Atamuuliza nani?" Fisi akasema, mdomo umejaa.

Mke alimuuliza mumewe. Siku hiyo Furukombe alirudi na kisamaki kama kidole, alichokivua kwa nguvu za mwisho, maana yeye mwenyewe alikuwa hajala siku mbili.

"Bwana'ngu," mkewe akasema, sauti ya chini, ile ya hatari. "Hiki ni nini?"

"Samaki wameadimika."

"Samaki wameadimika? Kutoka hapa nasikia maji yanavyopigwa mikia! Nasikia ukizama, chubwi, mara nne, mara tano. Anapoibuka mtu na samaki akaja bila samaki, huyo samaki amekwenda kwa nani? Umeoa ng'ambo?"

"Mimi? Nioe?"

"Niambie tu. Ana kiota kizuri kuliko hiki?"

"Mke wangu, sikuoa!" Na maskini, yote yakamtoka, Mfalme, fungu, jabali, ndovu. "Nilificha nisikutie hofu. Wangeusukuma mti."

Mke, ambaye alimsikia Simba siku ile akikataa samaki, akainua shingo. Kiota chao kilikuwa kimekuwa kirefu sana kwa miaka ya vijiti. Akikaa, haoni kitu ila mbingu. Kuliona jabali lile ilimpasa asimame ukingoni. Na ilikuwa adhuhuri.

Alisimama. Chini Kenge akainua kichwa, akapanda shina hatua moja. "Bibi anatoka?"

"Bibi ananyoosha miguu. Shuka!"

Akatazama ng'ambo ya mafunjo kwa macho yale ya njano yanayomwona samaki chini ya maji kutoka mawinguni. Akatazama sana. Jua lilikuwa likipiga. Halafu akasema, "Bwana'ngu, umewahi kumwona Simba kwa nyuma?"

"Ni utovu wa adabu."

"Basi mimi sina adabu, nimemwona. Simba gani huyu mwenye mgongo umeteremka kama paa la banda? Simba gani mwenye shingo ya matete? Na pembeni yake kuna masikio mawili marefu yanatafuna mzizi. Tena ukitaka Simba, Simba yule kule juu ya kichuguu, amelala, tumbo limegusana na mgongo. Huyo ndiye aliyekula samaki wako wote?"

Furukombe alitaka aruke saa hiyo hiyo akapigane. Mkewe akamzuia.

"Ukipigana na Fisi utavunjika bawa, nami nitakufa njaa juu ya mayai yako. Rudi huku. Unakumbuka ulivyonichumbia?"

Furukombe akaona haya. "Mambo ya ujana hayo."

"Ulipanda juu kabisa na samaki miguuni, ukawa unaning'inia hewani na kushuka na kupanda, unalia mpaka ziwa zima likainua shingo. Mimi nikajisemea, huyu ana kelele, lakini samaki anaye. Leo urudie vile vile. Ila usinililie mimi. Mlilie Simba."

Basi nikamwona anazama, chubwi, akaibuka na kambare mkubwa kama mkono wangu hadi begani. Hakwenda kwenye jabali. Alipanda. Alipanda mpaka akawa kama nukta, kambare ananing'inia, akaanza ule mchezo wa kushuka na kupanda, na kilio chembamba cha kukata masikio: "Fungu la Mfaaalme! Fungu la Simba, la kila siiiku!"

Kila chenye shingo kikatazama juu. Ngiri, nyani, pundamilia waliobaki, mimi na mundu wangu. Juu ya kichuguu Simba akafumbua jicho moja.

"Fungu la nani?"

"Lako, Mzee," nyani akamjibu. "La kila siku, anasema."

"La kila siku?" Simba akasimama. Sijaona mnyama mwenye njaa akasimama vile. Akateremka, na sisi wote nyuma yake.

Kule nyuma ya jabali Sungura alikwisha kunusa mambo. "Mjomba, tuondoke. Leo kuna kelele nyingi."

"Nimwache kambare yule?"

"Acha!"

"Nikimwacha atakuwa mpweke," Fisi akasema, na Furukombe akamwachia kambare, puu! juu ya jabali. Fisi hakungoja hata ndege ageuke. Alitumbukiza uso wote, na kwa pupa ile matete yakateleza kutoka shingoni yakamfunika macho. Hakuona tulivyofika. Hakuona aliyesimama mbele yake.

"Karibu chakula, Mfalme," Simba akasema taratibu.

"Nani huyo?" Fisi akafoka, mashavu yamejaa. "Nani anamsogelea Simba akila? Hujafunzwa kwenu?"

"Sikufunzwa. Na Simba mwenyewe ni wewe?"

"Ni mimi! Mimi Simba, mla samaki!"

Nyani ndiye aliyeanza kucheka. Fisi akasukuma matete kwa mkono, jicho moja likatokea, likamwona aliyekuwa akisema naye. Kipande cha kambare kikamdondoka mdomoni.

"Mimi nililala na njaa mbele ya raia wangu," Simba akasema, "na kumbe huku jina langu linakula mabaki ya ndege!" Akamlamba kofi moja tu. Fisi aliruka, akaangukia katikati ya tope, akazama hadi shingoni, na alipojitoa jua likamkaushia tope lile mgongoni. Madoa yale unayoyaona hata leo hayajamtoka, ameoga wee.

Na Sungura? Sungura alikuwa mwepesi, tope halikumshika. Alikuwa anaruka juu yake pa, pa, pa, keshafika karibu na matete, aliposikia kivuli. Nasema alikisikia. Ile miguu yenye vijimiba ikamshika mgongoni, vidole viwili mbele viwili nyuma, akanyanyuliwa. Furukombe akamgeuza, kichwa kitangulie mbele, kama desturi, akamzungusha ziwa zima.

"Tazameni!" analia. "Samaki mwenye masikio!"

"Bwana Furukombe, tuzungumze kama watu wazima!" Sungura anapiga kelele. "Mimi nilitumwa!"

"Na nani?"

Furukombe akajikung'uta hewani, kama desturi pia, Sungura akaporomoka ndani ya matete, hatua tatu kutoka nilipochuchumaa. Akaniangalia. Nikamwangalia.

"Wewe hukuona kitu," akaniambia.

"Nimeona chote," nikamjibu, "na nitakisimulia."

Tangu siku hiyo Simba akatangaza kwamba ndege yule asiombwe hata gamba. Kichwa kikarudi kwa mvuvi, na kiwiliwili kikarudi kwa mkewe. Simba mwenyewe hakula samaki, bado alikuwa na heshima yake. Ila mara mojamoja perege alimponyoka Furukombe juu ya kichuguu, kwa bahati mbaya, na asubuhi hukumwona perege wala hukuona mtu wa kuuliza.

Mayai yakaanguliwa, moja leo, la pili baada ya siku mbili, la tatu baada ya mbili nyingine. Kenge alihama kwa uchungu. Vifaranga walikula, wakanenepa, na baada ya miezi miwili wakasimama ukingoni wakipiga mabawa. Wa kwanza akaruka kama mzoefu. Wa pili akaruka kwa kusukumwa. Wa tatu, mdogo wao, ndiye aliyenifurahisha: alikaa ukingoni siku nzima, amekanyaga ndala yangu, anaogopa, halafu akajitupa, akashuka mpaka tumbo likagusa maji, akainuka, akawapita wote wawili. Nilipiga makofi peke yangu.

Mvua iliporudi, mama yao akamwambia mumewe, "Mahali hapa pana samaki watamu, tutakuja kula. Lakini kutaga, bwana'ngu, nitataga mbali." Wakaondoka. Ndiyo sababu hata sasa furukombe anakuja kwetu kila mwaka, anavua, anashiba, anapumzika, na kiota hajengi. Mti ule bado upo, na ndala yangu bado iko juu yake, asiyeamini apande.

Niseme na jambo moja, maana nimesema nilikuwepo, na aliyekuwepo hana budi kulisema. Mayai yalikuwa matatu, hilo halina ubishi. Walioanguliwa ni wawili. Lile la tatu lilikuwa upande wa ukingo siku ile mama yao aliposimama adhuhuri kutazama jabali, na jua likalipata. Alilikalia wiki nzima zaidi baada ya wenzake kutoka, akiligeuza kwa mdomo, akilisikiliza, akiligeuza tena. Hayo mengine yote ni kweli tupu, hata maneno ya Sungura. Yule wa tatu aliyeruka, nimemrusha mimi.